Bunduki ya Mringaringa

Wananiletea picha ndani ya Biblia, ndani ya bahasha za benki;
moja ililetwa imeviringwa khanga kama kichanga.
Nazipokea hapa Pasua, meza ya jikoni, dirisha la mashariki,
asubuhi, kabla mlima haujajifunika.
Nina lenzi ya fundi saa
na miaka kumi na tisa ya ghala la silaha.
"Mzee Mbonea, hii ni bunduki gani?"
Maana ukiijua bunduki utakijua kikosi,
ukikijua kikosi utaijua njia waliyopita,
na ukiijua njia, pengine,
utajua uelekee wapi unapolia.

Esemuji naijua kwa magazini, imepinda kama ndizi mshare.
Semi ina singe inayokunjwa chini ya mtutu
kama mguu wa panzi.
Mara nyingine kinachoonekana ni bega tu, na mkanda.
Hata mkanda unasema: wa turubai, wa ngozi,
uliofungwa fundo na mtu mwenye haraka.

Jumatatu alikuja Anasia, kutoka Kibosho,
viatu vyake vina udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.
Baba yake, Ndekirwa. Nyuma, kwa wino uliofifia:
Moshi, Disemba 1978.
"Aliondoka na hiyo," akasema. "Nataka jina lake tu."

Nikaweka lenzi.
Mtutu hauna tundu.
Kifyatulio na kinga yake vimechongwa kitu kimoja,
kidole hakipenyi.
Na kwenye kitako, fundo la mti, jeusi,
linanitazama.

Jicho lile nalijua.
Nimeliona kwa kijana wa Marangu aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa,
kwa mapacha wa Same, wanaishika pamoja, kila mmoja upande wake,
kwa mpishi wa kambi ambaye hata bunduki ya kweli hakupewa.
Picha saba, watu wasiojuana, bunduki ileile.
Ya nane ni yangu. Iko kabatini. Sijawahi kuiwekea lenzi.

Silaha hazikuruhusiwa kutembezwa mjini,
na vijana walitaka kuacha kitu nyumbani.
Basi Jivraj, mwenye studio karibu na stesheni,
alimlipa seremala, akachonga mringaringa,
akaupaka rangi ya viatu,
akauegemeza kwenye pazia lililochorwa mlima;
na mlima wenyewe uko nje, hautozi hata senti.
Shilingi kumi na tano, tabasamu usilete.

Mji unaitwa Moshi.
Bunduki ile haikutoa moshi
hata wa njiti ya kiberiti.

Ningeweza kumdanganya.
Ningesema esemuji, ya Kichina, mpya kabisa,
angekwenda zake amelikumbatia jina.
Nimewahi kufanya hivyo. Mara mbili.
Nikainama tena, si kwa bunduki,
bunduki ilikuwa imeshamaliza maneno yake.
Nikatazama mkono.

"Kidole chake," nikamwambia, "kimelala ubavuni, kimenyooka.
Ndivyo tulivyowafundisha. Mbele ya kamera wengi walisahau.
Yeye hakusahau, na hapakuwa na cha kufyatua.
Bunduki ni ya mbao, mama."

Akanyamaza. Chai ikapoa.
Jirani akapita na mkokoteni wa majani ya ng'ombe.

"Na kidole gumba cha kushoto," nikasema, nikijaza tu kimya,
"kucha imekufa. Nyeusi kabisa."

Akaichukua lenzi mkononi mwangu bila kuomba.
Akainama mpaka pua ikagusa karatasi.
"Nyundo," akasema.
"Alikuwa anapigilia bati la jikoni, juma lile la mwisho.
Mimi nilikuwa chini, nimeshika misumari kwenye sketi.
Aliruka, akatukana kwa Kichaga,
halafu akaniambia nisimwambie mama."

Akacheka.
Miaka arobaini na kitu, hakumwambia.
Bati bado lipo, anasema.
Linavuja palepale alipoachia msumari.